UZI: "Si anatembea?" Ulemavu usioonekana na pesa za Inua Jamii

1/ Kila siasa zikipamba moto, mjadala wa Inua Jamii unarudi. Huyu anaahidi kuongeza, yule analia kwamba pesa zinaliwa na watu wenye nguvu zao. Kabla hujachagua upande, soma huu uzi. Tunaangalia historia ya neno moja tu: ulemavu. Mimi ni wa Ruiru, na kwetu nyumbani hili neno lina uzito.

2/ Ndugu yangu mdogo alinusurika ajali ya matatu. Mguu ukapona, hofu haikuisha. Gari likijaa, kifua kinambana, mikono inatetemeka, anataka kuruka nje. Siku ya kwenda Thika kukaguliwa, mamangu alimtoa nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili wapate gari lisilo na watu. Bado walishuka Juja, wakakaa kando ya barabara karibu saa nzima, ndipo wakaendelea.

3/ Aliyekuwa mezani alimtazama mara moja tu. "Mama, huyu kijana si ametembea mwenyewe mpaka hapa?" Ikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza ile safari ilichukua saa ngapi, wala kama angefika bila mama.

4/ Lile swali halikuanza juzi. Thika ina historia ndefu kwenye mambo haya: Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona hapo 1946, na baadaye Joytown kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Kazi kubwa, hakuna anayebisha. Lakini huku nje tulizoea kuutambua ulemavu kwa fimbo nyeupe, magongo na kiti cha magurudumu. Mwenye shida ya akili tulimwekea njia nyingine: Mathari, jina tuliloligeuza kuwa tusi.

5/ Sheria imetutangulia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja akili pamoja na viungo. 2008 Kenya ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 260, ikaweka wazi kabisa kwamba ulemavu unaweza kuwa wa kisaikolojia. Kipimo chake ni athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za kawaida za kila siku. Hakuna mahali Katiba inauliza kama una miguu. Kifungu cha 54 nacho kinataja haki ya kutumia usafiri wa umma. Sheria ya 2003 yenyewe sasa imeondoka, nafasi yake imechukuliwa na ya 2025.

6/ Sasa njoo kwa pesa. Mpango wa walio na ulemavu mkali ulianza 2011, na kwa miaka mingi umelipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Masharti: nyumba iwe maskini sana, na mhusika awe anahitaji mlezi wa muda wote. Vita viko kwenye hayo maneno, "muda wote". Ni yule anayelishwa na kugeuzwa kitandani peke yake? Ama pia yule ambaye hawezi kuvuka geti bila mtu kumshika mkono?

7/ Usidhani ni sisi tu. Uingereza ilianzisha posho inayoitwa PIP mwaka wa 2013, na sehemu yake moja inapima uwezo wa mtu kwenda mahali. Mwishoni mwa 2016 mahakama ya rufaa za posho ikasema dhiki ya kisaikolojia inayomzuia mtu kufuata njia lazima ihesabiwe. Machi 2017 serikali ikabadilisha kanuni kuifungia nje. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema huo ni ubaguzi. Januari 2018 serikali ikakubali kutokata rufaa, na ikabidi ianze kupitia upya faili kama milioni 1.6. Maneno machache kwenye kanuni, watu wote hao.

8/ Nitawatendea haki wa upande ule mwingine: pesa ni kidogo. Mama anayemgeuza mtoto kitandani mchana na usiku lazima aje kwanza, na sitaki ndugu yangu amruke kwenye foleni. Lakini kusema "pesa haitoshi, wewe subiri" ni tofauti na kusema "wewe si mlemavu". La kwanza ni bajeti, tunaweza kubishana. La pili linavunja Katiba.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa akija kwenu akiahidi kuongeza zile 2,000, mpigie makofi ukitaka. Halafu muulize: nani atahesabiwa, nani anakagua, na anayekagua anauliza nini?

10/ Mamangu bado anafunga kibanda chake cha mboga kila siku ya kliniki ili amsindikize kijana wake. Hiyo hasara haiko kwenye fomu yoyote. Kama kwenu kuna mtu aliambiwa "si unatembea", andika hapa chini.