Beit al-Ajaib

Kasri kubwa la Mji Mkongwe wa Unguja, lielekealo bahari mbele ya Forodhani na kupakana na Ngome Kongwe, ambalo Seyyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya dhifa na mabaraza ya dola, na baadaye likawa makao ya serikali ya Kiingereza.

Ujenzi

Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alitaka jengo la kuwastaajabisha wageni waingiao bandarini, na muradi wake ulitimia. Kwani juu ya desturi ya pwani ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, mafundi walitia pia chuma na saruji, wakalizungushia roshani pana zilizobebwa na nguzo nyembamba za chuma cha kusubu, nazo ndizo fahari yake hasa. Ndani mna ua mkubwa uliofunikwa, na milango ya nakshi bora iliyoandikwa aya za Qurani. Madaraja ya juu yaliliunganisha na makasri jirani ya Beit al-Hukm na Beit al-Sahil, ili wanawake wa kifalme wapite pasipo kuonekana na watu wa njiani.

Mnara

Mnara ambao wengi waliudhania kuwa sehemu ya kasri tangu asili haukuwa wa Barghash. Mnara wa kwanza ulisimama peke yake mbele ya jengo, hata tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipopiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja ili kumwondoa Seyyid Khalid bin Barghash aliyeshika kiti baada ya Seyyid Hamad bin Thuwaini kufariki. Beit al-Hukm ikaangamia, mnara ukaharibika, na Beit al-Ajaib ikasalimika. Katika matengenezo ya 1897 mnara mpya wenye saa uliunganishwa na uso wa jengo, na mahali pa Beit al-Hukm pakafanywa bustani.

Ofisi za serikali

Tangu 1911 jengoni zilikuwamo ofisi kuu za himaya ya Kiingereza.

Baada ya 1964

Baada ya Mapinduzi ya mwaka huo jengo lilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi, kisha likawa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo kwa msaada wa Oman, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na mafundi wawili wakafariki.