Alama Isiyojua Mitishamba
Mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha akili jijini Paris ili watoto wanaobaki nyuma shuleni wasaidiwe. Baadaye alama ikageuzwa muhuri: huyu mwerevu, yule mjinga, basi.

Ndiyo maana mimi hurudia utafiti wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, uliochapishwa 2001. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85: mafumbo ya picha, msamiati, Kiingereza, hesabu, na ujuzi wa mitishamba. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya darasani. Ati hawana akili? La. Walikuwa wamejifunza kujitibu, na mitihani ya shule haiulizi hilo. Ukishikiwa ripoti ya mtoto, uliza kwanza aliulizwa nini.