Ukame, Maua ya Mbuga na Historia ya Uzigua

Watu wengi hudhani kwamba ukame ndio adui mkubwa wa maua ya mbugani. Jua liwakapo miezi mingi katika nchi iliyo kati ya mto Pangani na mto Wami, nyasi hunyauka, udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka, na mpita njia haoni hata ua moja. Lakini historia ya Uzigua mwishoni mwa karne ya 19 yaonyesha jambo jingine: mbuga iliweza kuustahimili ukame, bali haikuweza kustahimili kuondokewa na watu wake.

Mimea ya mbugani ina njia zake za kuingoja mvua. Mmoja ni Gloriosa superba, wenye maua mekundu na manjano yaliyopinda juu kama ndimi za moto. Wakati wa kiangazi shina lake hufa lote, uhai ukabaki katika kiazi chini ya ardhi. Mimea mingine huishi msimu mmoja tu na kuacha mbegu. Maua yakipungua, nyuki na vipepeo hukosa chakula. Nao wadudu wakipungua, mimea inayowategemea kuchukuliwa chavua huzaa mbegu chache. Hivyo hasara ya mwaka mmoja huweza kuingia mwaka wa pili. Hata hivyo mvua njema hurudisha mengi, maadamu mwanga wa jua waifikia ardhi. Maua ya mbugani hayastawi katika kivuli cha kichaka kilichosongamana.

Kabla ya utawala wa Wajerumani, Wazigua walifuga ng'ombe katika nchi iliyopakana na makao ya mbung'o. Kwa jembe, kwa moto na kwa malisho walizuia vichaka visikaribie vijiji, na mbung'o, apendaye kivuli, akakaa mbali. Ukame waliujua sana. Katika miaka ya 1830 njaa iliwafanya wengi wachukuliwe kwa majahazi hadi pwani ya Somalia, wakauzwa utumwani. Wazao wao kando ya mto Juba waliendelea kusema Kizigua. Walakini katika miaka ya kawaida wakuu wa vijiji waliweka akiba ya nafaka, wakawalisha waliowategemea mpaka mvua irudi.

Kisha misiba ikafuatana bila nafasi ya kupumua. Ukame wa 1884 ulileta njaa. Vita vya Abushiri vikaanza Pangani mwaka 1888. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe. Nzige wakaja mwaka 1894. Na kuanzia 1898 mvua ikakosekana tena, mwaka ule ule ambao Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992, ameeleza jinsi utawala huo ulivyodhoofisha wakuu waliokuwa wakitunza akiba. Kwa sababu hiyo ukame uliokuwa shida ukawa mauti, na wengi waliosalia wakahama.

Mvua iliporudi, mbegu na viazi vilikuwa bado ardhini, lakini wenye kufyeka na wenye ng'ombe hawakuwapo. Migunga na miiba ikaota palipokuwa malisho. Mbung'o na kupe wakafuata, na kwa ajili yao mifugo haikuweza kurudi kama zamani. Helge Kjekshus alionyesha mwaka 1977 kwamba hali kama hiyo ilitokea sehemu nyingi za Tanganyika. Wageni waliokuta vichaka hivyo walidhani ndivyo nchi ilivyokuwa tangu asili.

Wala haitoshi kurudisha ng'ombe pekee. Huko Mkwaja, kwenye pwani kusini ya Pangani, kampuni ilifuga maelfu ya ng'ombe tangu miaka ya 1950, ikitumia josho na dawa kupambana na maradhi ya mbung'o na kupe. Hata hivyo mgunga uitwao Acacia zanzibarica, ambao chungu hukaa ndani ya miiba yake iliyovimba, ulienea katika malisho. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Kwa hiyo atakaye kupima athari ya ukame katika mbuga za Tanga asihesabu siku zisizo na mvua tu. Hana budi kuuliza pia ni nani aliyekuwa akiitunza nchi, na ni nini kilichomwondoa.