Maambukizi ya sikio kwa watu wazima: Kitengela na Kajiado

Maambukizi ya sikio hutokea bakteria, virusi au kuvu wanapoingia na kuzaana katika sikio la nje, la kati au la ndani. Watoto ndio huugua zaidi, kwa kuwa mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua huwa kwao mfupi na umelala. Wa mtu mzima ni mrefu na una mteremko, ndiyo maana sikio lake linapougua mara kwa mara ni lazima sababu itafutwe.

Kitengela, mji wa barabara ya Namanga uliokuwa na zaidi ya watu 150,000 katika sensa ya 2019, una vumbi jingi wakati wa kiangazi. Vumbi peke yake halileti usaha. Kinacholeta balaa ni kujikuna: mwendesha bodaboda huvua helmeti, akachokonoa sikio kwa ufunguo wa pikipiki; mwingine hutumia njiti ya kiberiti. Ngozi ya tundu huchubuka na vimelea hupata pa kuingilia. Dalili za maambukizi haya ya sikio la nje ni mwasho, kisha maumivu yanayozidi sikio likivutwa au kile kinundu cha mbele ya tundu kikibonyezwa.

Maumivu ya sikio la kati hayazidi kwa kuvuta. Kwa kawaida hufuata mafua, na baridi ya Juni hadi Agosti huleta mengi. Sikio huziba, sauti husikika kwa mbali, homa hupanda. Halafu wakati mwingine, usiku mmoja, maumivu hukatika ghafla na majimaji hutoka. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe kiwambo cha sikio kimepasuka. Mara nyingi hujiziba chenyewe, lakini si kila mara.

Kisipoziba, ugonjwa unaweza kuwa sugu, na huu ndio unaopuuzwa kuliko yote kwa sababu aghalabu hauumi. Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuwa sugu usaha ukitoka zaidi ya wiki mbili. Mtu huzoea kupokea simu kwa sikio la pili, hubandika pamba kabla ya kupanda matatu, na foronya yake huwa na doa la manjano lenye harufu. Wakati huohuo uwezo wa kusikia unapungua, na kwa baadhi ya wagonjwa mfupa unalika.

Miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado, ambako kutoboa na kupanua ndewe ni desturi ya zamani iliyopungua siku hizi, kuna dalili nyingine ya kuangaliwa. Sehemu ya juu ya sikio, yenye gegedu, ikitobolewa kisha ikawa nyekundu, moto na kuvimba huku ndewe ikibaki salama, gegedu limeambukizwa. Matibabu yakicheleweshwa, sikio linaweza kukunjamana kabisa.

Uvimbe nyuma ya sikio, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu kikali, au kichwa kuuma pamoja na shingo kukakamaa ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asivumilie maumivu ya sikio yanayomnyima usingizi, maana maambukizi yanaweza kufika kwenye mfupa wa fuvu. Na sikio moja likiziba kwa wiki kadhaa bila mafua, hasa kukiwa na uvimbe shingoni, daktari huchunguza nyuma ya pua kwa ajili ya saratani.

Kenya ina maafisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), na kesi ngumu hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Kabla ya sikio kumulikwa, mafuta ya moto na matone yaliyonunuliwa kwenye duka la dawa bila ushauri hayafai: baadhi ya dawa, gentamaisini ikiwemo, zikipita kwenye kiwambo kilichotoboka zinaweza kuharibu usikivu. Usaha hukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa, kikibadilishwa kila kinapolowa, na wakati wa kuoga tundu huzibwa kwa pamba iliyopakwa vaselini.