Kabla hujaongeza wati za prosesa, cheki feni kwanza
Prosesa ya Intel Core i7-12700 ina viwango viwili vya umeme: wati 65 za kazi ya muda mrefu, na hadi 180 ikipiga kasi. Baadhi ya kompyuta za mezani zinazokuja zimeshaunganishwa huibana kwenye 65 kwa sababu feni yake ni ndogo.

Unataka kuongeza? Safisha vumbi, soma wati za pawa saplai, kisha ingia BIOS. Panda wati 10 tu, ipe kazi nzito dakika 20 huku ukicheki joto kwa HWiNFO. Ikizidi nyuzi 90, shusha. Ikifika 100 itajipunguzia kasi yenyewe, umefanya kazi bure.

Menyu imefungwa? Usilazimishe: mazabodi isiyo na bati la kupozea inaweza kuungua.