Kipande cha babu na nenosiri la mwalimu

Kipande cha babu yangu mzaa mama kina alama 26. Vyumba vinne vya mwisho viko wazi.

Tulipokuwa wadogo tulidhani ni noti ya zamani, kwa jinsi alivyokitunza ndani ya kopo la bati pamoja na risiti zake za kodi. Baadaye ndipo alipotueleza. Alikwenda manamba, kukata mkonge Tanga, na kwa kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, karani aliweka alama kwenye kile kikaratasi. Zikitimia siku 30 ndipo unalipwa. Siku ya 27 aliamka na homa. Hakuwahi kurudi kwenye mkonge, wala hakulipwa zile 26. Mama anasema alikitunza kipande kwa zaidi ya miaka 30 kwa sababu moja tu: lilikuwa deni, na ushahidi wa deni alikuwa nao yeye mwenyewe.

Nimekikumbuka kipande hicho kwa sababu ya kosa nililolifanya mimi. Ni karani wa shule binafsi hapa Tabora, na sehemu ya kazi yangu ni vibali vya walimu wageni. Wengi wanatoka Uganda na Kenya, mmoja mmoja Burundi. Nitalieleza kosa lenyewe, ila kwanza twende Kwihara.

Kwihara iko nje kidogo ya mji. Wageni hupelekwa kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Walifika Agosti. Miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari huko Nasik, India. Alijua kuandika Kiingereza. Chuma na Susi, ambao majina yao ndiyo tuliyokaririshwa shuleni, walikuwa wamemtumikia Livingstone kwa miaka mingi kabla ya Jacob kutokea.

Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Jacob ndiye aliyeandika orodha ya mali ya marehemu, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti. Kisha wakaubeba mwili. Oktoba mwaka huohuo walipita hapa hapa Unyanyembe, wakamkuta Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyewashauri wamzike palepale. Wakakataa. Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

Sasa angalia kilichofuata. Aliyepanda meli pamoja na jeneza, nauli ikilipwa na wamisionari, ni Jacob. Ndiye aliyeshika jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Sisemi Jacob aliwadhulumu wenzake. Alitembea njia ileile kwa miguu ileile. Nasema tu kwamba katika msafara mzima aliyeshika kalamu alionekana kwa urahisi zaidi kuliko walioshika mzigo. Hata medali 60 ambazo Royal Geographical Society ilizitengeneza, kila moja na jina la mpagazi wake, zilifika Unguja baadhi ya wenye majina wakiwa wameshatawanyika. Jina lako limechorwa vizuri kabisa, ila liko mahali usipoweza kulichukua.

Mjerumani alipokuja, karatasi ikageuka. Mwaka 1907 huko Usambara kila mwanamume alipewa kadi ya kumlazimu amfanyie mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Reli ya Kati ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na njia iliyokuwa ya pembe na mitumba ikawa njia ya vibarua. Enzi ya Mwingereza, wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU mwaka 1944, shirika la kuwatafutia vibarua kutoka mbali: huku kwetu, Kigoma, Ruanda-Urundi. Ukiandikishwa unapewa namba, na ndipo lilipozaliwa neno manamba. Yaani mtu mzima, mwenye ukoo na watani, anaitwa namba.

(Msomaji wa Kenya asichanganye. Kipande cha kwao, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915, kilikuwa cha kumtambulisha mtu na kumfuatilia. Mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Hiki cha babu kilikuwa cha kuhesabu siku.)

Nakichukia kipande, lakini kuna jambo moja lazima nilikiri: kilikaa mfukoni mwa babu. Karani alikiandika, bwana shamba alikitumia kumbana, ila usiku kililala naye.

Basi nirudi kwenye kosa langu. Mgeni anayeajiriwa Tanzania anahitaji vibali viwili: cha kazi, kutoka kwa Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015, na cha ukaazi, kutoka Idara ya Uhamiaji. Zamani nilikuwa nabeba mafaili. Nakala za vyeti, picha, barua, mhuri juu ya mhuri. Januari 2018 serikali ilizindua Uhamiaji mtandao pamoja na pasipoti ya kielektroniki, na taratibu kazi yangu ikahamia kwenye kompyuta. Unapakia vyeti, unapewa kontroo namba, unalipa, unasubiri. Kusema kweli nilishangilia. Safari za Dar zikapungua na hakuna tena faili la kupotea.

Kwa kuwa nilitaka mambo yaende haraka, walimu wote niliwafungulia akaunti kwa barua pepe yangu. Nenosiri moja, la kwangu. Mwalimu alikuwa analeta pasipoti asubuhi, jioni namwambia, "Tayari, Mwalimu, tusubiri majibu." Waliniombea baraka.

Desemba moja mwalimu wetu wa fizikia, Mganda, alikuwa kwenye basi akienda kwao kupitia Mutukula. Wakasimamishwa kwenye kizuizi, akaulizwa kibali. Kilikuwa kimetoka wiki ile ile. Nilikuwa nimemwambia kwa mdomo lakini sikuwa nimemtumia. Akanipigia. Nilikuwa shambani Sikonge, simu haishiki mtandao. Basi likaondoka bila yeye. Nilipopanda kichuguu jioni kutafuta mtandao nikakuta amepiga mara kumi na tisa.

Aliporudi Januari hakunifokea. Alikaa kwenye kiti mbele ya meza yangu akasema, "Mzee, mimi nilimwambia yule ofisa niko na kibali. Akaniuliza, kiko wapi? Nikasema, kiko kwa karani."

Kiko kwa karani. Lile neno sikulala nalo vizuri. Babu angalau angeweza kutoa kikaratasi chake na kusema, hesabu mwenyewe. Mwalimu mwenye shahada alikuwa na jina langu tu.

Jumamosi iliyofuata niliwaita walimu wote wageni kwenye chumba cha kompyuta. Ilichukua kutwa nzima. Waliosajiliwa kwa barua pepe yangu nikaanza kuwahamishia kwenye zao, na wengine hawakuwa nazo kabisa. Majina yalitusumbua kuliko nilivyotegemea: pasipoti inaanza na jina la ukoo, cheti cha chuo kinaanza na la ubatizo, na mfumo hauna subira ya kueleweshwa kama ofisa wa kaunta. Mama mmoja wa Kiswahili, Mkenya, alikataa katakata kuamini kitu kisicho na mhuri. Nikamwonyesha namna ya kuhifadhi nakala kwenye simu, kisha nikamchapishia moja ya karatasi na kuitia kwenye plastiki. Akaikunja ndani ya pochi, moyo ukatulia. Sikumlaumu. Simu huisha chaji, na barabara ya kwenda Nzega ina sehemu ndefu zisizo na mtandao.

Wa mwisho alikuwa mwalimu wa fizikia. Alichagua nenosiri akiwa amenipa mgongo. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akageuka.

"Mzee, lile la zamani bado unalo?"

Nikafungua daftari langu, nikampa kalamu, akalikata mwenyewe.