Unahamia viatu vya pekupeku? Usikurupuke, mguu unahitaji miezi

Viatu vya pekupeku vinapendwa siku hizi na wakimbiaji na watembeaji. Soli yake ni nyembamba na inakunjika, mbele ni vipana ili vidole vitanuke, na kisigino hakijainuliwa hata kidogo. Raba nyingi za kukimbilia huinua kisigino kama milimita 8 hadi 12.

Ukiishusha tofauti hiyo ghafla, kano ya nyuma ya kisigino na misuli ya shavu la mguu huvutika kuliko ilivyozoea. Misuli huzoea mapema, lakini mifupa na kano huchelewa. Hapo ndipo wengi huumia: mtu anajisikia fiti, anaongeza kilomita, kumbe mfupa bado.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walitoa matokeo ya wakimbiaji wazoefu waliohamia viatu hivi kwa wiki 10. Kati ya 19, kipimo cha MRI kilionyesha 10 wana uvimbe ndani ya mifupa ya miguu, dalili kwamba mfupa umeelemewa.

Wapo wanaomtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli, ila yeye alizoea kukimbia hivyo mazoezini. Hata kama ulikua ukicheza bila viatu, miaka 10 ya viatu vya ofisini imeshabadili mguu wako.

Namna ya kuhama salama:

1. Anzia nyumbani. Wiki 2 za kwanza, tembea pekupeku ndani ya nyumba kama nusu saa kwa siku.

2. Tembea kwanza, mbio baadaye. Vaa viatu vipya dakika 10 hadi 15, siku moja ndiyo, moja hapana. Ongeza mdogo mdogo. Raba za zamani usizitupe.

3. Imarisha miguu. Simama, inua visigino taratibu mara 15, kisha rudia mizunguko 3. Pia jaribu kuvuta taulo sakafuni kwa vidole.

4. Ukianza kukimbia, anza na dakika 5 tu, zilizobaki maliza na raba. Piga hatua fupi na nyepesi, na pumzika siku inayofuata.

5. Sikiliza maumivu. Misuli kuuma siku 1 au 2 ni kawaida. Lakini ukibonyeza sehemu moja juu ya mguu inauma, au pamevimba, acha kukimbia na umwone daktari. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Mwenye kisukari na ganzi ya miguu asijaribu kabla ya kuongea na daktari. Anaweza kukanyaga msumari au kioo, soli nyembamba ikapenya, na asisikie kitu mpaka kidonda kimeoza.